Karatasi Iliyongoja Kusomwa

Jumanne ile, saa kumi alasiri, Placida alikuwa jikoni kwake anachambua maharagwe. Anakaa Stratford, Landani, ghorofa ya sita, katika jengo la matofali ambalo lifti yake hufika ya tatu ikagoma, kwa hiyo mgeni akigonga mlango wa Placida lazima awe anahema. Aliyegonga siku ile alikuwa Griffins Kibet, afisa wa kampuni inayomiliki jengo. Alikuwa na mkoba, beji shingoni na karatasi moja.

Placida akamkaribisha chai. Griffins akatia vijiko vinne vya sukari, akasifu maharagwe ambayo hayajaona moto, halafu akaeleza. Jengo litabomolewa. Litajengwa jipya, zuri, lenye lifti inayofika juu. Wapangaji watahama kwa muda tu.

"Kisha tutarudia hapa?" Placida akauliza.

"Mtarudi, Mama. Hii ni fomu tu. Uko na pen?"

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiswahili. Hilo nalisema mapema, maana watu wakisikia habari hii huguna, maskini, mama wa watu kaletewa Kiingereza. Wapi! Kampuni ilijivunia kuandika fomu zake kwa lugha kumi na saba, na Kiswahili chake kilikuwa safi, huwezi kukitoa kasoro. Yote aliyopaswa kuyajua Placida yalikuwa yameandikwa pale, kwa lugha anayoota nayo. Ila Placida hakujua kusoma. Kampuni haikuuliza, naye hakusema.

Aliandika kama alivyozoea kuandika. Kongo, tangu enzi za Wabelgiji, jina peke yake halitoshi chini ya karatasi. Kwanza unaandika kwa mkono wako maneno matatu ya Kifaransa, Lu et approuvé, yaani nimesoma na nimekubali, ndipo unatia sahihi. Placida alifundishwa kuyachora na karani mmoja wa Uvira, akiwa na miaka kumi na tisa, kama msichana anavyofundishwa kutarizi ua kwenye foronya. Aliyachora siku ya ndoa yake. Aliyachora kambini Kigoma. Aliyachora mbele ya maafisa wa uhamiaji, na kwa kampuni ya usafi iliyomwajiri bila kumwahidi hata saa moja ya kazi. Maneno hayo na jina lake ndiyo maandishi yote aliyokuwa nayo duniani, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hivi kwamba hata binti yake Laurette, muuguzi, aliamini mama anasoma Kifaransa vizuri, ni Kiingereza tu kinachompiga chenga.

Basi akayachora. Griffins akashukuru, akaikamata karatasi kwenye kona, akavuta. Haikunyanyuka.

Akavuta tena. Akaweka mkoba chini, akashika kwa mikono miwili, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja. Karatasi ililala palepale mezani, wala haikujikunja. Akainama kuangalia kama kuna gundi. Hakukuwa na gundi.

"Ni nzito," akasema.

"Njo vile," akasema Placida, akarudi kwenye maharagwe yake.

Bosi wa Griffins alitaka sahihi zote arobaini na mbili kufikia Ijumaa, na hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Griffins akatoa simu akaipiga karatasi picha. Simu ikamponyoka mkononi, ikapasua zulia la plastiki, ikazama sakafuni hadi nusu, na iko pale hadi leo. Huwa inaita. Placida huiruka akienda kwenye friji.

Alhamisi wakaja wanaume wanne wa kuhamisha mizigo. Wakashindwa kuibeba karatasi, wakaamua kubeba meza pamoja na karatasi yake, wakashindwa na meza. Griffins akaleta nakala nyingine ya fomu ileile.

"Miye nilishaandika," Placida akamwambia. "Mutu haandikake mara mbili."

Mwanasheria wa kampuni akaandika barua kueleza kwamba karatasi yenye sahihi lazima iingie kwenye faili pamoja na zile nyingine arobaini na moja, la sivyo mashine za kubomoa hazisogei. Zile arobaini na moja zilikuwa nyepesi. Wenyewe walikuwa wameandika majina tu. Ni Placida peke yake aliyeiambia karatasi kwamba imesomwa, nayo ikijua haijasomwa, ikakaa kungoja. Kwa nini zile alizoandika miaka ya nyuma hazikungoja, mimi sijui. Haba na haba hujaza kibaba, na pengine kibaba kilijaa Jumanne ile.

Aliyegundua dawa yake ni Chaman, msimamizi wa jengo. Chaman ni mzaliwa wa Kisumu, babu yake alikuja kwa kazi ya reli, na kila asubuhi anatoka Southall kwa treni ya Elizabeth akiwa na chapati zake kwenye karatasi ya fedha. Alikuja kuziba zulia kandokando ya simu. Placida alikuwa akifuta meza, akiizunguka karatasi kwa kitambaa, kidole kikapita juu ya jina lake lililochapwa pale mwanzo. Jina lake alilijua kwa sura.

"Placida," akasema, bila kuwaza.

Ile kona ikapepea kwa upepo wa dirishani.

Chaman alikuwa amepiga magoti. Akaona. "Sema tena, Mama."

"Placida."

Kona ikapepea tena. Chaman akasimama, akasoma mstari unaofuata kwa sauti, vizuri tu, kwa Kiswahili cha Kisumu. Hakuna kilichotikisika.

"Mama, hii kitu si ya kubebwa," akasema. "Inataka wewe ndiye usome." Kisha akamtazama. "Kwani hukusoma?"

Placida aliona aibu. Alikuwa na miaka hamsini na nane, amevuka ziwa na nchi nne, amelea mtoto peke yake, na hapa msimamizi wa jengo amemvua nguo. Akamwambia Chaman aende. Jioni akampigia Laurette simu, akamwambia.

"But you sign everything, Mum," Laurette akasema.

"Nachoraka," Placida akajibu. "Siandikake. Nachoraka."

Laurette akasema atakuja Jumapili, na alikuja.

Habari za dawa hiyo zilipoifikia, kampuni ambayo kwa miaka sita haikupata fundi wa lifti ilipata mwalimu ndani ya siku tatu. Aliitwa Zipporah, Mkenya wa Murang'a, mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na miwili, kisha akaja Landani akawaogesha wazee wa watu miaka kumi na sita. Alipoambiwa kazi yenyewe ni kupunguza uzito wa karatasi, aliuliza tu kama nauli ya basi italipwa.

"Haya," akasema siku ya kwanza, chaki mkononi, ubao umeegemezwa kwenye friji. "Ma, me, mi, mo, mu."

"Ma, me, mi, mo, mu," akasema Placida.

"Sikusikii. Hawa watu wananilipa, nipe sauti."

Walisoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa, kabla Placida hajaenda kufagia ofisi za watu. Kila neno alilolishika kwa kichwa chake liliondoka na uzito wake. Kila Ijumaa Griffins alikuja na ile mizani ndogo ya mkononi ambayo Wakenya hupimia masanduku kabla ya kwenda uwanja wa ndege, akabana karatasi kwa kibanio, akavuta. Wiki tano za kwanza mizani ilizidiwa ikazima. Wiki ya sita ikasoma kilo arobaini na nane. Ya tisa, kilo ishirini na tatu, ambayo ni sanduku moja la Nairobi. Griffins aliandika kila tarakimu na kuituma kwa bosi.

Zipporah akamuuliza siku moja, "Na wewe, mbona hukusoma ukiwa mdogo? Huna kichwa kibaya."

Placida akamweleza. Kwao kulikuwa na vijiji viwili na bonde moja katikati. Karatasi ya bonde ilikuwa moja, na anayejua kusoma alikuwa mmoja, karani wa chifu, jina lake Zéphyrin. Zéphyrin alipanda kijiji cha juu akawasomea: bonde ni lenu. Wakaweka vidole. Akateremka cha chini akawasomea: bonde ni lenu. Wakaweka vidole. Msimu wa kulima ulipofika, vijiji vyote viwili viliingia bondeni na majembe, na kila upande ukaona wenzao ni wezi. Walipigana miaka mitatu. Shule ilichomwa wiki ya kwanza, Placida akiwa darasa la kwanza, wamefika herufi ya d. Mwaka wa pili wakamuua kaka yake, Fortunat. Mwaka wa tatu akapita sista mmoja, akaomba kuiona karatasi, akaisoma hadi chini. Bonde lilikuwa la Zéphyrin.

"Sasa sikia," Placida akasema. "Ba juu balisema kweli. Ba chini balisema kweli. Mwenye kudanganya alikuwa mumoja tu, ule wa kusoma. Kama kila kijiji kingekuwa na batu wawili wa kusoma, Fortunat angekuwa na wajukuu."

Zipporah akafuta ubao.

"Nga, nge, ngi, ngo, ngu," akasema. "Twende."

Placida alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya msomaji mzuri. Alisoma majina ya vituo basini. Alisoma chupa za dawa za choo kazini, akagundua kwamba moja haifai kushikwa bila glavu, na amekuwa akiishika bila glavu miaka saba. Akamwonyesha msimamizi wake maandishi kwa kidole. Msimamizi akasema glavu zitakuja. Bado hazijaja.

Mwezi wa tatu wa masomo, Chaman akamngoja ngazini. Wapangaji wengine wote walikuwa wameshahama, milango imepigwa mbao. Placida alikuwa amebaki peke yake na taa za korido.

"Mama, usimalize," Chaman akasema. "Ikiwa nyepesi wataichukua, halafu kwisha. Mimi nimefanya kazi majengo mengi, nawajua. Acha mstari mmoja. Mmoja tu. Utakaa hapa hadi uzeeke."

Placida akaweka mfuko wa viazi chini. Alikuwa amelifikiria hilo, usidhani hakulifikiria. Chumba cha kulala kinaona treni zinavyoingia stesheni. Laurette alikulia mle. Duka la sombe, yale majani ya muhogo, liko hatua mia mbili. Aliipenda nyumba ile, na mstari mmoja usiosomwa ungemwachia.

"Chaman," akasema, "nilikaa bila kusoma miaka hamsini na munane. Ilinilindaka wapi? Niambie siku moja."

Chaman akambebea viazi hadi juu.

Walimaliza Ijumaa moja ya Novemba. Zipporah alivaa gauni la kanisani. Laurette alitoka kazini na sare yake. Chaman alisimama mlangoni. Griffins alikuja na mizani, na bahasha ngumu ya kubebea karatasi. Kilichobaki kilikuwa kifungu cha tisa, na kifungu cha tisa peke yake kilikuwa na kilo kumi na moja.

Placida akaweka kidole.

"M-pa-nga-ji," akasoma. "Mpangaji. Ha-ta-ku-wa. Na ha-ki. Ya ku-ru-di."

Simu ya sakafuni ikaita kidogo ikanyamaza.

Akakisoma mara ya pili, bila kukata maneno. Mara ya tatu hakutazama karatasi, alimtazama Griffins: "Mpangaji hatakuwa na haki ya kurudi."

Karatasi ikajiinua mezani, kiasi cha kiganja, ikaelea. Griffins akanyoosha mkono. Placida akamuwahi.

"Uliniambia nini siku ile?"

"Mama, mimi nili-summarize tu. Niliambiwa ni-summarize."

"Hata kwetu kulikuwa mutu wa kusummarize," Placida akasema. "Alikufa tajiri."

Griffins akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya kupita wengine. Alikuwa na mama yake Eldoret ambaye pia husomewa barua, na nadhani wakati ule alimkumbuka. Lakini bahasha hakuiweka chini.

Placida akachukua kalamu. Akapiga mstari juu ya yale maneno matatu ya Kifaransa, mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo: Nimesoma. Sikubali. Akaweka jina lake. Laurette alianza kulia na wala hakujificha. Placida akampa Griffins karatasi, nayo ilikuwa na uzito wa karatasi.

Ningependa kukuambia kwamba jengo litapona. Halitapona. Kampuni ilikwenda mahakamani na karatasi yenye mstari, hakimu akaona kwamba mpangaji amesikilizwa ipasavyo, akatoa tarehe: mwisho wa Februari. Wale arobaini na mmoja tayari walikuwa wametawanywa, wengi wao Hastings, pwani, kwenye upepo, saa moja na nusu kwa treni kutoka kazi zao za alfajiri. Walimpigia Placida simu mmoja mmoja. Akawaelekeza washike nakala zao, waende hadi cha tisa. Kilikuwepo katika kila moja, Kisomali kwa Msomali, Kireno kwa Mreno. Kwa maandishi hakuna aliyedanganywa hata kidogo.

Na kampuni nayo ilijifunza, tusiisingizie. Griffins alipandishwa cheo. Mkandarasi aliagizwa kuacha kipande kile cha sakafu chenye simu hadi mwisho, akilete chini kwa kreni. Fomu zote, katika lugha zote kumi na saba, zilichapwa upya zikiwa na mstari mpya pale juu, kwa herufi nene: Andika jina lako tu. Usiongeze maneno mengine yoyote. Kifungu cha tisa hakikuguswa.

Mwalimu Zipporah aliachishwa kazi Ijumaa ileile karatasi ilipokuwa nyepesi. Jumatatu alikuja kama kawaida. Akauliza kama kuna chai, akaegemeza ubao kwenye friji. Wiki iliyofuata walikuja wawili kutoka Hastings, wakaja na nauli zao. Ikaisha Krismasi wako kumi na mmoja, hawaenei jikoni, ikabidi Chaman awafungulie chumba cha mitambo ya maji ya moto, ambako angalau kuna joto.

Katikati ya Januari Placida aliitwa ofisini kwa kampuni kutia sahihi ya nyumba aliyopewa Hastings. Ofisi yenyewe ni ya vioo, ghorofa ya tisa, lifti inafika. Mkataba ulikuwa kurasa thelathini na moja. Sheria inasema mwenye kutia sahihi apewe muda wa kutosha kusoma, na hiyo sheria kampuni iliiandika yenyewe, ukurasa wa pili, kwa kuamini hakuna atakayeufikia.

Placida alifika saa tatu asubuhi na chupa ya chai. Nyuma yake waliingia wale kumi na mmoja. Kila mmoja alikwenda dirishani kwa msichana wa mapokezi, akaomba mkataba wake mwenyewe, kamili, apitie. Msichana hakuwa na maagizo ya kukataa. Wakakaa. Chumba cha mapokezi kilikuwa na viti kumi na viwili, vikaisha. Wakaanza.

Walisoma kwa sauti, maana ndivyo Zipporah alivyowafundisha, na Zipporah alikuwa amefundisha watoto sabini darasa moja. M-pa-nga-ji. M-mi-li-ki. I-ki-wa. I-si-po-ku-wa. Wasomali wakisoma chao, Wareno chao, maana herufi ni zilezile, kila mmoja kidole kwenye mstari. Wafanyakazi walijaribu kupiga simu wakashindwa kusikilizana. Mtu mmoja wa tai akatoka, akawatazama, akarudi ndani. Wateja waliokuja na mambo yao wakasimama. Mmoja akaomba naye aletewe mkataba wake.

Saa nane mchana Griffins akatoka katika ofisi yake mpya, yenye mlango.

"Mama," akasema, kwa upole, "umefika page gani?"

"Ya nne."

"Kati ya thirty-one. Na tunafunga saa kumi na moja. Nyumba ya Hastings ni ileile, Mama, tarehe ni ileile, hutabadilisha kitu." Akainama karibu. "Si nikuelezee tu kwa kifupi?"

Placida hakuinua macho, asije akapoteza mstari.

"Kaa chini, mutoto yangu," akasema. "Niko nasoma."

Griffins akatafuta kiti. Vyote vilikuwa na watu wanaosoma, kwa hiyo akakaa sakafuni.